Nusu Aliyovuta Nyirabagenzi

Kamali aliutema moshi, akautazama msokoto wa tumbaku uliobaki mkononi, mfupi kama kidole gumba, akasema neno ambalo baadaye alitamani angelimeza.

"Clarisse, umeharibu tumbaku ya marehemu."

Clarisse, mke wa mwanawe Valens, alikuwa anasonga ugali wa muhogo. Mukansanga, jirani yao, alikuwa amechutama mlangoni pa jiko, amekuja kuomba kaa la moto. Wote wawili wakageuka.

"Papa, mimi? Mi sikuiharibu. Iko pale pale Maman aliitundika."

"Iko chungu."

"Labda njo ilivyo."

"Miaka yote navuta tumbaku ya nyumba hii. Haijapata kuwa chungu. Sasa wewe njo unaisokota." Akatema tena. "Mkono wako njo mchungu."

Mwiko ukasimama. Pale kilimani kwao, mwanamke akiambiwa mkono wake ni mchungu, si utani. Maana yake kila anachokishika kinaharibika, mboga, maziwa, hata mtoto. Mukansanga aliokota kaa lake, akaondoka bila kuaga, na Kamali akajua kwamba kabla ya giza neno lile litakuwa limefika kisimani.

Clarisse aliepua, akampakulia. Sahani ilipotua mezani akasema, "Kesho naenda kwetu Nzahaha."

"Valens anakuja Jumamosi."

"Atanikuta kule."

Kamali akala. Valens alikuwa anafanya kazi Bukavu, ng'ambo ya mto, hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Clarisse akienda, Kamali angebaki na kuku, migomba na kaburi. Tena huyu ndiye aliyemwogesha marehemu Nyirabagenzi, mke wa Kamali, alipokuwa hawezi kuinuka, akamlisha uji kwa kijiko mpaka siku ya mwisho. Yote hayo Kamali aliyajua. Lakini kurudisha neno hakuzoea.

Hakuwa mtu wa maneno. Alizaliwa upande wa Congo, kwa wazazi Wanyarwanda, darasani hakuingia hata siku moja. Alichojifunza ni kupanga mawe. Bukavu kuna nyumba nyingi mlimani ambazo zingekuwa zimeteremka ziwani kama si kuta alizozijenga yeye. Huko huko alimwoa Nyirabagenzi, na waliporudi Rwanda nywele zao zimeanza mvi, yule mwanamke alivuka mpaka na mbegu za tumbaku amezifunga kwenye pindo la kitenge. Alizipanda nyuma ya jiko lao kijijini Gashonga, mahali anapomwaga majivu. Majani yakikomaa aliyatundika juu ya mafiga, kisha akayafunga ndani ya majani ya mgomba mpaka yakanukia kama ndizi mbivu.

Kila jioni alisokota msokoto mmoja tu. Mnono, wa majani matupu, bila karatasi. Katikati aliufunga uzi wa mgomba. Kamali alivuta mpaka kwenye uzi, akampa mkewe. Nyirabagenzi alivuta kuanzia kwenye uzi mpaka moto ukamkaribia midomo. Hivyo ndivyo walivyoishi. Mmoja hakuvuta bila mwenzake.

Nyirabagenzi alipovuta alikunja uso, akatema pembeni, akasukutua kwa maji. Kamali alikuwa anamcheka.

"Ninyi wanawake hamjui tumbaku. Mbona mimi sitemi?"

"Wewe vuta yako, bwana. Mi napenda hii ya nyuma."

Akamwamini. Basi.

Tangu amzike, nusu ya pili haikuwa na mtu wa kuipokea. Kuitupa hakuweza, ilikuwa kazi ya mikono ya marehemu, na mafungu juu ya mafiga yalikuwa yanapungua. Clarisse naye alisokota bila uzi, maana hakuna aliyemfundisha. Kamali akaanza kuvuta mpaka mwisho.

Asubuhi alichukua fungu moja, akapanda pikipiki mpaka mjini Kamembe. Alimtafuta Shadia. Shadia anauza tumbaku sokoni, kazi aliyoachiwa na baba yake, na hakuna jani linalomdanganya. Akisema limeharibika, basi Clarisse ndiye mwenye kosa, na Kamali hatahitaji kusema kitu.

"Mzee Kamali!" Shadia alipiga kelele kabla hajafika mezani. "Leo umekuya kununua ao kuniibia wateja?"

"Nimekuja unuse hii."

Shadia akarekebisha mtandio, akachukua jani, akalikunja. Halikuvunjika. Akalinusa pande zote mbili.

"Nani alikausha hii?"

"Mke wangu."

Shadia alishusha sauti. "Mungu amurehemu. Hii mi sina hapa. Ina shida gani?"

"Imekuwa chungu. Mkwe wangu anaisokota vibaya."

"Sokota wewe. Vuta hapa nione."

Kamali akasokota, vidole vya mawe havikuzoea, msokoto ukatoka na nundu kama kiazi. Shadia akacheka, akampa moto. Kamali akavuta.

"Sasa?"

"Tamu."

Shadia akahudumia mteja, akarudi. "Sasa?"

"Tamu."

Akapima pilipili za jirani yake, akapiga soga, akarudi tena. Kamali alikuwa amekunja uso. Akageuka, akatema.

"Sasa?"

"Chungu."

"Ni mkwe wako huyo? Yuko wapi hapa? Wewe njo umesokota, Mzee." Shadia akauchukua ule mfupi, akamwonyesha ndani. Majani yalikuwa meusi, yananata. "Moshi yote uliyovuta tangu mwanzo imepita humu ndani. Kila ukivuta inaacha mafuta yake kwa majani ya nyuma, na mate yako nayo inaingia. Ukifika huku unachoma jani, na unachoma ule uchafu wote wa mbele. Tena moto uko karibu na mdomo, moshi haipati nafasi ya kupoa. Tumbaku yote ya dunia iko vile. Ukivuta polepole, kidogo afadhali. Lakini mwisho ni mchungu tu. Miaka yote hii haukujua?"

"Nilivuta ya mbele."

"Na ya nyuma alivuta nani?"

Shadia alimtazama, kisha akaanza kupanga mafungu yake ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa.

"Labda aliipenda kweli," akasema. "Wako batu banapenda ule ukali."

"Labda."

"Haukumuulizaka?"

"Hapana."

Alirudi Gashonga jua limepanda. Clarisse alikuwa barabarani, begi miguuni, motari anafunga godoro nyuma ya pikipiki yake kwa mpira. Kamali alisimama mbele ya gurudumu.

"Clarisse. Mkono wako hauna kosa. Tumbaku ndivyo ilivyo mwishoni. Sikujua."

"Sawa, Papa."

"Usiende."

Clarisse alitazama chini. "Papa, mi nimekusikia. Lakini neno lile hukulisema mbele yangu peke yangu."

Motari akazima injini. Kamali akashika njia ya mgombani mpaka kwa Mukansanga, Clarisse nyuma yake. Mukansanga alikuwa anamenya maharage.

"Mama," Kamali alisema, "nilisema vibaya jana. Mkono wa mtoto huyu ni mzuri. Tumbaku huwa chungu ikifika nyuma, na mimi sikuwahi kufika nyuma. Marehemu alivuta sehemu ile."

"Miaka yote hiyo?" Mukansanga alisahau maharage. "Nawe unamcheka anatema! Hata mimi ulinichekesha!"

"Ndiyo."

"Hakukuambia?"

"Alisema anaipenda."

"Nawe ukaamini."

"Nikaamini."

Mukansanga akatikisa kichwa. Alitaka kusema jingine, akamwona mzee alivyosimama, akaacha. Akamgeukia Clarisse. "Mwanangu, umesikia. Na mimi nimesikia. Nitasema kule nilikosema."

Clarisse alirudi barabarani, akamwambia motari afungue godoro. Motari alilalamika, akafungua. Kamali alitaka kulibeba, mgongo ukakataa, wakalishika pande mbili mpaka ndani.

Mchana Clarisse alipika kama kawaida. Hakuimba alivyozoea, na Kamali hakutegemea aimbe. Baada ya kula, mzee alibaki ameketi, mikono mitupu magotini.

"Papa, nikusokotee?"

"Hapana, mama. Kaa tu." Akamsogezea kigoda. "Umekula, umeshiba?"

Clarisse akamtazama. Tangu aolewe katika nyumba ile hakuwahi kuulizwa hivyo.