Wa Nane Kwenye Sinia

Kitabu cha bosi kiligawiwa Jumatatu asubuhi, nakala moja kwa kila mfanyakazi, na kila aliyepokea alitia saini kwenye daftari lilelile wanalosaini wakipewa mabuti na aproni. Jovina alisaini mikono ikinuka vitunguu, akakifuta kitabu kwa upindo wa kanga, akakitazama. Jaladani Bwana Quresh alikuwa amekunja mikono kifuani, nyuma yake ndoo za plastiki za kila rangi zimepangwa hadi darini. Kitabu kiliitwa *Kutoka Ndoo Moja: Masomo Yangu ya Uongozi*. Aliyeanza na ndoo moja alikuwa baba yake, lakini tusianze ugomvi mapema.

Kiwanda cha ndoo kiko Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege ikipita mtu huikata sentensi yake katikati, husubiri, kisha huimalizia. Jovina alikuwa mpishi hapo. Alitoka Muleba akiwa na miaka thelathini na moja, akaajiriwa na Mzee Huzefa, baba yake Quresh, na sasa alikuwa na hamsini na tano. Miaka yote hiyo alipika wali, dengu na mchicha kwa watu thelathini na wawili, na Jumamosi biriani ya mbuzi. Cheo hakuwa nacho. Kwenye orodha ya wafanyakazi, pale wengine walipoandikiwa fundi au dereva, yeye aliandikiwa "jiko".

Mzee Huzefa alikuwa Bohora wa kale, wa ile jamii ya Waislamu wenye asili ya Kihindi. Kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu haikumtoka kichwani hata joto la mashine lizidi vipi. Nyumbani kwao watu hula kwa duara, sinia moja kubwa, na desturi hiyo aliileta kiwandani kama ilivyo. Sinia moja, watu wanane. Kwanza kisahani cha chumvi kinazungushwa, kila mtu anaonja punje. Waislamu wanasema bismillahi, Wakristo wanafanya ishara ya msalaba, halafu ndipo mikono inaingia. Na hakuna mkono unaoingia kabla duara halijatimia. Siku moja mashine ya Leodegar, fundi wa mabeseni, ilikwama saa saba mchana, naye akang'ang'ana nayo nusu saa nzima. Sinia lilimsubiri. Mzee mwenyewe alikaa kimya mbele ya wali unaopoa. Leodegar alipokuja akijifuta grisi na kuomba radhi, Mzee alimwambia, "Wali baridi haujaua mtu. Kaa."

Mzee alihama sinia kila siku ili awasikie wote, na popote alipokaa, wa nane alikuwa Jovina. "Mpishi asiyekula alichopika usimwamini," alikuwa akisema, watu wakacheka. Lakini utani kando, hapo ndipo Jovina alipohesabika kuwa mtu. Kwenye sinia alimwambia mwenye kiwanda kwamba paa la stoo linavuja, na kwamba Leodegar amefiwa ila hajathubutu kuomba ruhusa, na Mzee alisikia na kulishughulikia siku hiyohiyo. Kiwanda kizima kiliongozwa hivyo, na hapakuwa na karatasi hata moja iliyosema kiongozwe hivyo.

Mzee alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Quresh alikaa kwenye sinia mwaka wa kwanza, nadhani kwa kumheshimu marehemu. Kisha akajenga ofisi ya vioo ghorofani, na tangu hapo Jovina alimpandishia chakula kwenye sahani iliyofunikwa foili, na sahani ikawa inateremka nusu yake haijaguswa. Huku chini desturi iliendelea bila yeye. Jovina akawa wa nane wa kudumu kwenye sinia la Leodegar.

Sasa kulikuwa na uvumi. Jiko linafungwa, walisema. Chakula kitaletwa na kampuni fulani kwenye maboksi, kila mtu na lake. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Jovina alianza kukosa usingizi. Nani atamwajiri mpishi wa miaka hamsini na tano? Akafungue kibanda cha mama ntilie pale Yombo anapoishi, ashindane na wasichana wenye magoti mazima? Na ukweli ni kwamba lililomuuma zaidi halikuwa hilo. Alikuwa hajui kula peke yake. Nyumbani, mtoto wake Venance ameshaoa na kuhamia Tegeta, na mlo wa Jovina wa usiku ulikuwa chai tu, kwa kuwa chakula chake cha kweli alishakila mchana na watu saba.

Ndiyo maana alikisoma kitabu. Watu wengine walikitia chini ya mguu wa meza inayoyumba. Yeye, Jumanne na Jumatano baada ya kuosha masufuria, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akafuatisha mistari kwa kidole, akitafuta kama ndani yake kuna habari ya jiko. Akaikuta sura ya tano. Iliitwa "Sinia Moja".

"Sinia lilinifundisha uongozi kuliko chuo chochote," Quresh aliandika kwenye ukurasa wa themanini na nane. "Kiongozi haanzi kula kabla mtu wake wa mwisho hajaketi. Mpishi wetu, mama wa kutoka bara, alikaa nami kila siku, nami nilimsikiliza. Siku nitakayolivunja sinia hilo nitakuwa nimeivunja kampuni yenyewe."

Alikaa nami kila siku! Miaka kumi chakula kinapanda ngazi na kuteremka ngazi. Lakini Jovina alimsamehe uongo huo palepale, kwa ajili ya ile sentensi ya mwisho. Aliisoma mara tatu, akakunja pembe ya ukurasa.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la watu waliolelewa na Mzee Huzefa. Mzee hakuandika kitu maishani mwake zaidi ya saini. Alisema tu, na likishasemwa limekwisha. Kama neno la mdomo lilikuwa na uzito ule, je, neno lililopigwa chapa, likajaladiwa, likagawiwa kwa saini? Jovina alikiona kitabu kile kama ahadi, na ahadi ni deni.

Alhamisi alipanda ngazi hadi kwa Brightson, kijana wa rasilimali watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu soma hapo."

Brightson akasoma, akatabasamu. "Pazuri sana hapa. Hata mie pamenigusa."

"Basi ile ishu ya maboksi imekufa?"

"Ishu gani tena, mama?"

"Usinizungushe, mwanangu. Jiko linafungwa au halifungwi?"

Brightson alikifunga kitabu taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. "Mama, hiki ni kitabu. Sio sera ya kampuni."

"Kitabu kaandika nani?"

"Bosi."

"Na sera?"

Ndege ikapita juu ya bati. Brightson akaisubiri ikaenda zake. Akasema jambo jingine kabisa: bosi anamhitaji Jumamosi kwenye uzinduzi wa kitabu, hotelini Mbezi Beach. Anataka ile biriani, sinia moja kubwa, kama enzi za Mzee. "Utamwona mwenyewe pale, mama. Muulize."

Jovina aliteremka ngazi akiwa mwepesi. Mtu haagizi biriani kwa mpishi anayetaka kumfukuza, ndivyo alivyojiambia. Ijumaa alichagua mbuzi mwenyewe, akamrudisha mwuza nyama mara mbili kwenye buchari yake kwa sababu ya paja moja.

Jumamosi sinia lilifika hotelini kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, limefungwa shuka jeupe. Leodegar na wenzake watano walikuja wamevaa fulana mpya zenye jina la kitabu kifuani, wamekaa wima kama wanaosubiri kupigwa sindano. Mbele ya jukwaa lilitandikwa zulia, na kulizunguka sinia ikapangwa mito ya kukalia. Leodegar aliihesabu kwa macho. Ilikuwa saba.

Quresh alikuja na suti ya kijivu, akamwona Jovina, akamwendea mikono wazi. "Shikamoo, Mama Jovina! Kitabu umekisoma?"

"Marahaba, bosi. Nimekisoma chote. Sasa niambie, jiko linabaki?"

Aliuliza hivyohivyo, mbele ya watu, sauti yake ileile ya kuulizia kama chumvi imetosha. Quresh alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Na hapa unatamani jamaa angekuwa mtu mbaya, maana ingekuwa rahisi. Hakuwa mbaya. Mkewe, Samina, aliwahi kumwambia Jovina kwamba sura ile ya sinia Quresh aliiandika huku akilia. Aliamini kila neno. Alikuwa amejikumbuka pale chini kwenye duara, kila siku, miaka yote, mpaka akajiona kweli yumo.

"Mama, hayo tutaongea Jumatatu," alisema. "Leo tufurahi."

Jovina akachukua birika la kunawishia watu, akageuka, na ndipo alipoliona bango. Lilisimama kando ya zulia, refu kuliko mtu, na juu yake picha ya boksi la chakula lenye vyumba vitatu: wali kwake, mboga kwake, nyama kwake. Chini yake iliandikwa kwamba kampuni hiyo inajivunia kudhamini uzinduzi huu, na kuwa mshirika wa chakula wa kiwanda kuanzia mwezi ujao. Shukrani ya punda ni mateke. Methali hiyo aliijua tangu utotoni, ila siku zote alidhani punda utamtambua kwa masikio. Alisimama na birika mkononi hadi maji yakaanza kumwagikia miguuni. Alikasirika. Sitasema alihuzunika, huzuni ilikuja baadaye.

Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa wageni watalishuhudia lile somo la tano kwa macho yao. Quresh akavua viatu, akakaa. Leodegar na wenzake wakakaa. Jovina akawanawisha wote saba, wa mwisho akiwa bosi, akafunua sinia, na harufu ya biriani ikawafanya hata wapiga picha washushe kamera kidogo. Kisahani cha chumvi kikazunguka. Quresh akasema bismillahi, Leodegar akafanya ishara ya msalaba.

"Karibuni, tuleni," alisema Quresh.

Hakuna mkono uliokwenda.

Hawakuwa wamepanga, na wala hawakuwa watu wa migomo. Miili yao tu ndiyo ilikataa. Kwa miaka ishirini mikono ile haikuwahi kuingia kwenye sinia lenye pengo. Quresh akacheka kidogo. "Tuleni jamani, wapiga picha wanasubiri."

Leodegar akajikohoza. "Bosi, samahani. Hatujatimia."

Ukumbi mzima ulisikia, na wale waliokuwa na kitabu mapajani wakaanza kufunua kurasa. Kiongozi haanzi kula kabla mtu wake wa mwisho hajaketi. Quresh naye alielewa, akapepesa macho, akamwona Jovina amesimama na taulo begani.

"Mama Jovina! Njoo, njoo ukae. Leteni mto mwingine!"

Mto ukaletwa. Jovina akautazama. Alikuwa na njaa, na biriani ile ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupika. Kama angekaa, picha ingekuwa kamili, na huenda Jumatatu bosi angeona haya kidogo. Huenda. Ila kama angekaa, angekuwa anakula matanga yake mwenyewe huku akitabasamu.

"Hapana, bosi," alisema. "Mie sio wa sinia hili tena. Wa nane wenu yule pale." Akanyoosha mkono kwenye bango. "Mkaribisheni akae."

Kuna mtu alicheka nyuma ya ukumbi, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Quresh alilitazama bango. Uso wake ulikuwa kama wa kijana wa miaka ishirini aliyekuwa akija kiwandani wakati wa likizo, akakaribishwa na baba yake kwenye sinia, naye akakunja pua kwa sababu ya grisi ya mikono ya watu. Jovina alimkumbuka vizuri kijana yule. Kisha bosi akapeleka mkono, akamega nyama, akala peke yake, na kamera zikammulika. Wale sita walitazama magoti yao.

Picha iliyowekwa kwenye ukurasa wa kampuni ilikuwa imekatwa vizuri: mkono wa Quresh, kipande cha nyama, tabasamu, basi. Watu wengi waliipenda.

Jumatatu hapakuwa na mazungumzo. Palikuwa na barua, yenye shukrani za dhati, na tarehe ya mwisho wa mwezi. Usidhani kiwanda kilisimama. Maboksi yalianza kuja siku iliyopangwa, na Leodegar sasa hula lake nyuma ya mashine, amewapa wenzake mgongo, dakika sita amemaliza.

Siku yake ya mwisho Jovina alipanda kwa Brightson kukabidhi vitu. Fomu ilikuwa mezani, na Brightson aliisoma bila kuinua macho. Funguo za stoo. Aproni mbili. Mabuti jozi moja. Kitabu.

"Na kitabu?" aliuliza Jovina.

"Ulikisainia, mama. Kwenye daftari kipo kama mali ya kampuni. Samahani, mie natekeleza tu."

Jovina alikitoa mkobani akakiweka juu ya aproni. Brightson akakipekua, kama anavyopekua kila kitu kinachorudishwa, na kitabu kikafunguka chenyewe kwenye ukurasa wa themanini na nane, pale pembe ilipokunjwa. Maneno "mpishi wetu, mama wa kutoka bara" yalikuwa yamepigwa mstari kwa kalamu ya bluu. Juu yake, kwa mwandiko mzito wa mtu asiyeandika mara kwa mara, palikuwa na jina: Jovina Rwechungura.

Brightson alilitazama jina lile hadi ndege ikapita na kwenda zake. Kisha akaijaza fomu, kwa sababu fomu lazima ijazwe. Kitabu, kimoja. Kimerudishwa. Kimechafuliwa.