"Ugonile?" Katikati ya Barua Taka

Wasomaji wangu, rafiki yangu wa Makwale, kule Kyela, amefariki, na mimi nimejua siku tisa baada ya mazishi. Binti yake aliandika tangazo moja la msiba, akalituma kwa mpigo kwa wote waliomo kwenye orodha ya barua pepe ya baba yake. Langu likaangukia kwenye folda ya barua taka, katikati ya matangazo ya bahati nasibu. Tangu juzi situlii. Nakaa, nasimama, naifungua tena folda ile kana kwamba nitakuta habari nyingine.

Alikuwa katibu wa ushirika wa wakulima wa kakao, na kila akinitumia barua pepe alinipigia simu papo hapo: "Mdogo wangu, imefika?" Jamani, alinichosha! Nilimtania kwamba anatuma barua kisha anaisindikiza kwa miguu. Lakini alikuwa na sababu. Msimu mmoja barua zake zote kwa wanunuzi zilirudi. Kampuni inayotoa huduma ya barua pepe ilikuwa imeifungia anwani ya ushirika, ikidhani ni ya matapeli, na kakao ya watu ilikuwa ghalani imeanza kuota ukungu. Aliniita nimsaidie. Tulikaa siku nzima kwenye ofisi ya ushirika, Kyela mjini, tukaiandikia kampuni kuthibitisha kwamba anwani ni ya ushirika, tukaomba tufunguliwe. Tukajibiwa: msitume barua moja kwa watu wengi kwa mpigo, na kichwa cha barua kitaje shughuli yenyewe. Kumbe mwenzangu kila barua aliipa kichwa kimoja tu, salamu ya kwetu ya asubuhi: "Ugonile?" Yaani, umeamkaje.

"Andika 'Sampuli za kakao'," nikamwambia.

Akanitazama kama nimemtukana. "Nianze na kakao kabla sijamsalimia mtu? Watasema sikulelewa!"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akakubali: kakao kwenye kichwa, salamu mstari wa kwanza ndani. Tukafunguliwa, mnunuzi akajibu, kakao ikaondoka. "Ila wewe nitakusalimia kwanza," akaniambia. "Wewe si mnunuzi."

Nimeilaumu sana mashine inayochuja barua wiki hii. Inatuzoesha kutaja shida kabla ya kujuliana hali, na anayesalimu inamwona tapeli. Lakini mashine haikunizuia mimi kupiga simu. Simu zake zilipokoma, nilisema moyoni, afadhali, nimepumzika. Naona aibu kuyaandika haya.

Maana chini ya tangazo la binti yake ilikuwepo barua nyingine, ya wiki tatu nyuma. Kichwa chake: "Ugonile?" Ndani aliandika: "Mdogo wangu, nimelazwa. Koo limeziba, sauti imekwisha, ndiyo maana sikupigii. Ikifika, njoo."

Wasomaji, anayewasumbua kila siku akinyamaza, msishukuru. Mpigieni.