Gundi Inayokunywa Maji

Huku Boito mvua haibishi hodi. Asubuhi jua linawaka, majani ya chai yanang'aa mpaka unafinya macho, na mchana ukigeuka mawingu yanashuka na kumwaga yote yaliyonayo. Kitu cha mbao kinachoishi nje huku lazima kiwe na roho ngumu. Kiti cha mama mkwe wangu hakikuwa nayo.

Kilikuwa kiti cha mikono, cha mbao ya saiprasi, kilichowekwa mbele ya nyumba kikitazama chai. Jioni, akitoka kupeleka majani kwenye kituo cha kuuzia chai, mama mkwe alikaa pale, na baba mkwe akavuta kigoda chake karibu. Walikunywa chai bila maneno mengi. Mama alipofariki, mzee aliendelea kutoka na kigoda na kukaa kando ya kiti kitupu. Halafu mvua ndefu ikaingia kwenye viungo, gundi ikalainika, mkono mmoja ukadondoka, kisha mgongo. Siku kiti kilipolala chini, mzee alikibeba vipande vipande hadi stoo, akaingia ndani na kufunga mlango. Tangu hapo tulimpelekea chai sebuleni. Alianza kukonda, nami nikaogopa kwamba tutawazika wote wawili mwaka mmoja.

Mimi ni mtu wa upande wa ziwa. Baba yangu alikuwa fundi wa mbao katika shamba kubwa la chai, na randa yake na patasi zake ziliniangukia mimi, binti, kwa sababu kaka zangu walipenda mpira kuliko maranda. Baba mkwe hunicheka nikisema "samba" badala ya shamba, nami humcheka akiita gundi "kundi". Hatujawahi kukosana kwa hilo. Kwa hiyo siku moja nikamwambia nitakirudisha kile kiti.

Akaitikia kwa kichwa. "Sawa, mama. Lakini pana sana."

"Nitafanya hivyo, Baba," nikasema, na nilifurahi. Hata alivyokonda, yeye ni mtu mwenye mwili mkubwa. Nilidhani sasa anataka kukikalia mwenyewe.

Mjini Litein, mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa mama mnene mwenye haraka. Aliniuliza swali moja tu: kitu kinakaa ndani ama nje? Nikasema nje. Akaisukuma kando ile gundi nyeupe niliyoizoea.

"Hii ni ya ndani. Hata wakiandika inavumilia maji, mvua ya huku haijui kusoma." Akanionyesha ile ya kuchanganya, chupa mbili, ngumu kama jiwe ikishakauka. "Lakini ukishachanganya haikungoji. Kama uko na mtoto wa kulia, wacha." Kisha akatoa kichupa cha kitu cha rangi ya asali. "Hii inataka maji ndio ishike."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakucheka.

Kwa kuwa siamini kitu kabla sijakishika, nilinunua nyeupe na ile ya asali, nikaunganisha vipande vya mabaki, nikaviweka chini ya mfereji wa bati ambapo maji humwagika kila mchana. Baada ya siku kadhaa, vya gundi nyeupe viliachana mkononi mwangu kama mkate uliochovywa kwenye chai. Vile vingine nilivipiga nyundo. Mbao ilipasuka, ndiyo, lakini ilipasuka pembeni. Pale kwenye gundi hapakuguswa. Nilisimama na vile vipande nikinyeshewa, nikasahau kuingia ndani. Maji yaliyokiangusha kiti cha watu ndiyo yale yale ambayo gundi hii inayaomba ili isimame. Nilishangaa, na sioni haya kusema kwamba nilimshangaa Mungu pia.

Nikaanza kazi. Nilikata mbao mpya za kupanua kiti, nikalowesha upande mmoja wa kila kiungo kwa kitambaa chenye maji, upande wa pili nikapaka gundi nyembamba, kisha nikafunga kila kitu kwa vipande vya tyubu ya pikipiki, nikivuta mpaka mbao inalia. Muda si muda povu likaanza kutoka kwenye viungo, likapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Mkono wangu ukarukia kitambaa, maana baba alinifundisha kupangusa gundi nyeupe ikiwa mbichi, usipofanya hivyo vanishi itakataa kushika na patabaki mabaka. Lakini yule mama wa dukani alikuwa amenionya: hii ukipangusa unaisambaza, iache ikauke, ukate na patasi. Nikakaa chini nimekunja mikono, jambo gumu kwangu kuliko kazi yenyewe. Kesho yake povu lilikuwa kavu, jepesi, likatoka kwa patasi kama ganda la yai, na chini yake kiungo kilikuwa kama mstari wa penseli.

Kwenye vidole haikutoka, ikageuka nyeusi. Sabuni, mchanga, mafuta ya taa, yote bure. Jumapili kanisani nilisalimia watu kwa vidole vyeusi, na mama mmoja akaniuliza kama nimeanza kuchuma chai, kwa sababu utomvu wa majani humpaka mchumaji hivyo hivyo. Mama mkwe alikuwa na vidole hivyo maisha yake yote. Hata siku tuliyomzika vilikuwa vyeusi.

Jioni hiyo nilikitoa kiti na kukiweka mahali pake, nikamwita mzee. Akaja hadi mlangoni, akakitazama huku na huku.

"Hii si kiti yake."

"Si ulisema pana, Baba?"

"Nilisema pana." Akakutanisha ngumi zake mbili, akazibana mpaka mishipa ikamtoka. "Pana. Isifunguke tena."

Bana. Alikuwa amesema bana. Miaka yote ya kumcheka na "kundi" yake, na siku hiyo moja masikio yangu yakalala. Nilikuwa nimekibadilisha kiti cha marehemu, kitu pekee alichotaka kirudi jinsi kilivyokuwa.

Mzee akakishika mikono yote miwili, akakitikisa kwa nguvu. Kiti hakikutoa hata sauti. Akakaa. Nafasi ikabaki kando yake, tupu, pana, na nilitamani ardhi inimeze. Aliitazama ile nafasi, kisha akatazama vidole vyangu vilivyoshika mgongo wa kiti. Akasogea pembeni.

"Kaa, mama."

"Baba, mimi ni mkwe." Kwao na kwetu, mkwe haketi kiti kimoja na baba mkwe.

"Najua. Nimechoka kuona hapa hakuna mtu. Kaa."

Nikakaa. Matone ya kwanza yalipoanza kugonga bati nikasema tuingie ndani.

"Si ulisema kundi yako inataka maji?" akasema. "Wacha ikunywe."

Gundi ilikuwa imekunywa yake siku ile ile niliyoipaka, na haikuhitaji tena. Sikumwambia. Tulikaa pale tukalowa.