Valizi Moja

Nilipokuwa mtoto, hakuna kitu kilichoingia nyumbani kwetu kimoja kwa ajili ya kaka zangu. Walikuwa mapasa, yaani mapacha: Kyungu aliyetangulia kuzaliwa, na Kabange aliyemfuata. Nayaandika majina haya kwa mpangilio wake, maana kwa sisi Waluba mpangilio ndio jina lenyewe. Ukimpa Kyungu shati, Kabange naye apate. Ukimchapa mmoja, mwingine mguse kidogo kwa fimbo ileile. Pasa aliyenyimwa, walisema wazee, hurudi alikotoka.

Wote wawili walifanya kazi katika kampuni ya shaba, lakini mcheza mpira alikuwa Kabange, winga wa kushoto, na ndiye aliyeitwa Kinshasa kwenye timu ya taifa. Viongozi wa klabu yake walimletea valizi mpya ya ngozi, sanduku la safari.

"Na ya Kyungu iko wapi?" akauliza nkambo, mama yake baba.

"Kyungu haendi fasi yoyote, mama," kiongozi mmoja akajibu.

"Mumupatie hata kikapu, mwanangu. Hata kikapu."

Baba alikuwa katekista. "Mambo ya bashenzi siitaki mu nyumba yangu," akasema.

Kyungu alicheka. "Nkambo, acha. Miye nitaibeba mpaka Luano. Mu njia itakuwa yangu."

Akaibeba kweli hadi uwanja wa ndege, kichwani, akitembea kwa madaha kama waziri. Wiki haikuisha akaanguka. Daktari wa hospitali ya kampuni alisema ni homa ya matumbo, akampa dawa. Dawa zikaendelea, na Kyungu akaendelea kukauka. Akafika mahali hamtambui mama.

Siku ya mechi jirani mmoja wa wodini alifungua redio. Mtangazaji akamtaja Kabange. Hakutaja Grégoire, jina lake la ubatizo, kwa kuwa serikali ilikuwa imekwisha kuyakataza majina hayo. Watu wakashangilia, na mimi nikasimama. Mama hakuinua kichwa. "Bazime," akasema, na redio ikazimwa.

Baba alitoka nje. Nilimfuata hadi ofisi ya klabu, akaomba kupigiwa simu Kinshasa. Laini ilikuwa mbovu, na yule mtu mpole wa kanisani akapiga kelele hadi mishipa ikamtoka shingoni: "Kabange! Rudi na valizi! Ndiyo, valizi! Yaya yako anakufa!" Yaya, kwetu, ni ndugu mkubwa.

Kabange alitoroka kambini kabla ya mechi iliyofuata. Alifika hospitalini, akatoa nguo zake zote ndani ya valizi, akaufungia mkono wa Kyungu kwenye mpini.

"Iko yako, yaya."

Nguo zake alizirudisha nyumbani ndani ya kikapu. Baba ndiye aliyekinunua.

Kyungu alipona, polepole sana. Timu ya taifa haikumwita tena Kabange. Waliomwita mtoro hawakutaka kujua sababu. Kazi yake yote ya kimataifa ni mechi ile tuliyoizima.

Nilipokuwa mtu mzima nilithubutu kumuuliza Kabange, "Na kama ni dawa ya daktari ndiyo iliyomponya?"

Naye akaniuliza: "Na kama haikuwa?"

Nkambo alikufa akiamini ni valizi, na daktari bila shaka aliamini ni dawa zake. Mimi naijua tu ile valizi. Ilikaa juu ya kabati ya Kyungu miaka yote, ngozi ikipasuka. Hakusafiri nayo hata mara moja, hata Kipushi hapo jirani. Na kila Kabange alipomtembelea, alichagua kiti kinachoipa kisogo.