Stoo Iliyokosa Harufu

Mweka stoo wetu ulikuwa unamsikia kabla hujamwona. Alijipaka mafuta ya udi kila asubuhi, yale ya vichupa vidogo yanayouzwa karibu na msikiti hapa Nyeri mjini. Kazi yangu mimi ilikuwa kunusa kahawa ya wakulima ikiingia, nione kama imeoza au imeshika ukungu. Kwa hiyo pua yangu ilijua mzee amefika getini hata kabla hajasalimia. Ndiyo maana siku ile aliponigusa bega ndani ya stoo nusura nianguke. Alikuwa hatua moja nyuma yangu na hakuwa na harufu yoyote.

"Mama, kwani umeona jini?" akacheka.

"Sikukusikia, mzee."

"Si ni hivi viatu vya raba."

Sikumwambia kwamba si viatu. Alipoondoka nikanusa gunia lililokuwa mbele yangu. Hakuna kitu. Nikanusa kiganja changu, na asubuhi nilikuwa nimekata vitunguu. Hakuna. Haikuwa harufu mbaya, hata vumbi sikulisikia. Ni kama jirani anapozima redio, ndipo unajua ilikuwa ikilia siku nzima. Nilipotoka nje, moshi wa kuni na lami iliyonyeshewa vilirudi polepole, kimoja kimoja. Nikajiambia ni homa ya mafua. Sikumwambia mtu, na hapo lawama ni yangu.

Wiki mbili baadaye mnunuzi alirudisha habari kwamba kahawa yetu ya mvua ya masika haina harufu kwenye kikombe. Hakusema ni mbaya. Alisema haipo. Meneja akaamua kwamba mzee ameuza kahawa mpya na kujaza magunia kwa ya zamani, kwa sababu kahawa ikikaa sana harufu huisha. Lazima niseme ukweli, meneja si mtu mbaya. Mimi pia ningefikiri hivyo, na siku moja nzima nilifikiri hivyo. Mzee alitumwa nyumbani bila mshahara. Aliambiwa kama hatakuwa na maelezo Ijumaa, mambo yataenda polisi.

Ijumaa alikuja, na muonjaji wa kahawa naye akaja, mama mmoja mwembamba kutoka kwa mnunuzi, na birika lake la umeme, kikaango na kisagio. Mzee hakujitetea kwa maneno mengi. Aliingia kwenye kachumba kake ka ofisi akatoka akiburuta gunia nusu.

"Hili lilipasuka siku ya kupokea," akasema. "Nikaliweka hapa juu ya kiti cha chuma, lisichafuke. Ni la mkulima yule yule, namba ile ile. Nusa ndugu zake kule ndani, halafu nusa hili."

Muonjaji akakaanga kidogo kutoka gunia hilo na kidogo kutoka gunia moja la stoo, akasaga, akamimina maji. Vikombe viwili mezani, huwezi kuvitofautisha kwa macho. Cha gunia la ofisini kilinukia mpaka meneja akasogea. Cha stoo kilikuwa maji moto yenye rangi.

Halafu muonjaji akafanya kitu ambacho bado nakiona nikifumba macho. Alichota kijiko kimoja cha kile kikombe bubu akakitia ndani ya kile kizuri. Akatuambia tunuse. Harufu ilikuwa imezimika. Kijiko kimoja tu.

"Ingekuwa kahawa ya zamani ingepunguza," akasema. "Hii inazima."

Nitaeleza kama alivyoeleza, ingawa niliachia shule darasa la saba na pengine nimechanganya. Ndani ya pua kuna vitu vidogo vya kushika harufu. Kila kimoja kikishika, mlango mdogo hufunguka na habari huenda kichwani. Kuna dawa moja ambayo ukungu huitengeneza ukikutana na klorini kwenye mbao. Wengine huisikia kama gunia lililolowa. Lakini hata ikiwa kidogo sana kiasi kwamba huisikii, inaenda kuibana ile milango. Kahawa bado inanukia. Ni wewe umefungiwa.

Nikamuuliza kama hewa ya stoo pekee inaweza kumfunga mtu. Akasema, "Kwenye kikombe nina hakika. Hewani sijui, mama, sitakudanganya."

Kisha akauliza, "Ni nani aliyeosha zile paleti za mbao mnazopangia magunia, na kwa nini?"

Mzee alinitazama, akaangalia chini. Alijua. Alikuwepo akaniona, na kwa wiki nzima ya kukaa nyumbani hakunitaja.

Masika yalipoleta ukungu kwenye mbao, mimi ndiye niliyenunua maji ya klorini, yale ya kung'arisha nguo nyeupe, nikazisugua jioni tatu mfululizo. Hakuna aliyenituma. Nilijisikia vizuri kwa usafi wangu. Sasa nilikuwa na jibu lingine tayari mdomoni, kwamba pengine mbao zilipakwa dawa huko zilikotoka, na inaweza hata kuwa kweli. Lakini hilo halikuwa swali.

"Ni mimi," nikasema. "Na tangu hapo pua yangu inakufa nikiingia stoo, na sikusema."

Mzee ndiye aliyesema, "Na ulisugua kweli kweli, mama. Zilikuwa zinang'aa kama meza ya askofu."

Walimrudisha kazini. Paleti zilichomwa nyuma ya stoo na za chuma zikaletwa. Meneja akasema nibaki na kazi yangu, kosa lilikuwa la kutojua.

Jumatatu iliyofuata nilisimama getini nimeinamia daftari. Udi ukanifikia, mzito, wa kawaida, na moyo ukatulia. Sikuinua hata kichwa.

"Mzee, leo umejipaka mengi."

Akasogea karibu.

"Leo sijajipaka, mama. Kichupa kiliisha nikiwa nyumbani, na pesa ya kingine sijapata."

Nilivuta pumzi tena. Udi ulikuwa pale pale, puani mwangu tu. Saa nne nilienda kwa meneja nikamwomba atafute pua nyingine.