Hofu Aliyopewa Samsam

Ramlo aliuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, na mdomo wake haukujua kupumzika. Si kwa wateja, la, kwa binti yake wa miaka mitano, Samsam. "Angalia bodaboda! Usiguse, kuna nge! Shika nguo yangu!" Mtoto wa watu hakuvuka hata kizingiti bila kuonywa.

Basi shuleni Samsam akawa habanduki mlangoni. Wenzake wakibembea, yeye analia mpaka anatapika. Mwalimu Nkirote wa chekechea akamwita Ramlo: hali ikiendelea hivi, mtoto itabidi akae nyumbani mwaka mzima. Ramlo akajibu mbele ya wazazi wengine, kichwa juu: "Mwalimu, hii mtoto alizaliwa na uoga. Mimi nifanye nini?" Nyani haoni kundule.

Jioni ile mbuzi walirudi malishoni, viwele vimejaa, wakiwaita watoto wao. Kuwafungulia wanambuzi wakanyonye ni kazi ambayo watoto huigombania, na siku hiyo Ramlo alimpa Samsam. Akangoja. Mbuzi wakazidi kulia. Akaenda kuchungulia zizini.

Samsam alikuwa ameegemea mlango kwa ndani, amemkumbatia mwanambuzi anayetetemeka kwa njaa. "Usiende, hooyo," alimwambia, akimwita kama mama wa Kisomali amwitavyo mwanawe. "Nje kuna fisi. Utakufa, na mimi nitakufa kwa kulia."

Maneno yale yalikuwa ya Ramlo, hata ile sauti ya kukatikakatika. Aliyasema asubuhi hiyo hiyo kwenye geti la shule, akimkataza kutoka nje peke yake. Aibu ikampanda mpaka masikio yakawaka moto, akatamani ardhi ipasuke immeze. Amemsingizia mwanawe mbele za watu!

Samsam akamtazama usoni, kama alivyozoea kumtazama kabla ya kuogopa. Ulimi wa Ramlo ulishaanza, "Anga...", akaung'ata. Akachuchumaa. "Hata mimi huogopa, hooyo. Lakini mama ya huyu mwanambuzi yuko hapa nje. Fungua ukiwa tayari."

Kungoja kulimuuma. Hatimaye mlango ukafunguka, mwanambuzi akachomoka, akapiga magoti chini ya mama yake. Samsam akacheka.

Kesho yake mwalimu alikuwa mlangoni na wazazi wale wale. Ramlo akasimama mbele yao. "Mwalimu, jana nilisema urongo. Hii uoga si ya mtoto. Ni mimi nilimpatia."

Kisha akakiachia kile kiganja kidogo, akaondoka. Nyuma yake Samsam akaangua kilio. Ramlo hakugeuka. Alipofika kwenye kona mtoto alikuwa amenyamaza. Aliyekuwa akilia ni mama.