Dirisha la Dada Tatu

Enzi zetu, nyie wa rika langu mtanisaidia kusema, treni haikuwa ya kupandwa na kila mtu. Sisi watoto wa Ujiji tulikuwa tunaisikia tu ikipiga honi kule Kigoma, tunaacha rede, tunasimama na mpira mkononi mpaka sauti iishe.

Mama alipofiwa na kaka yake Morogoro ndipo nikaipanda. Nilikuwa darasa la pili, na la tatu sikulifikia. Mama alichemsha mayai, akakaanga mihogo, akafunga migebuka mikavu, samaki wa ziwani kwetu, kwenye kikapu. Tukapanda daraja la tatu, behewa limejaa mpaka mlangoni. Dirishani palikuwa na nafasi ya mtoto mmoja. Dada yangu Tatu alinizidi miaka miwili tu. Nikalia. Mama akasema, "Dirisha ni la mkubwa. Mdogo ana mapaja ya mama." Basi, kesi imekwisha. Enzi zetu mzazi akishasema, hakuna rufaa.

Nyie, Tatu alinitesa! Uvinza, Kaliua, Urambo, mpaka Tabora, kichwa chake kiko nje na maneno ananirushia mimi. "Twiga wale! Umewaona? Aa, nimesahau, wewe unaona mgongo wangu." Tulipofika Saranda harufu ya kuku wa kuchoma iliniingia mpaka tumboni, lakini waliokuwa wanawauza sikuwaona hata kidole. Tatu ametangulia, Mungu amrehemu, na hata leo sijui kama wale twiga walikuwepo.

Mimi nikabaki kutazama watu. Mama Veronika aliyepandia Uvinza na mfuko wake wa chumvi. Mzee Kalunga fundi cherehani, anayelala mdomo wazi. Zuberi, mtoto wa Bi Mgeni, aliyetapikia kofia ya Mzee Kalunga. Hapa Bertrams, mtaa wetu wa Johannesburg, watu hunisifu, "Bibi, unakumbukaje majina yote hayo?" Jamani, ningepewa dirisha nisingemjua hata mmoja.

Nikakua, nikaolewa na Themba, aliyekuwa mkimbizi wa siasa kutoka huku, na mambo yalipotulia akanileta Joburg kwa ndege. Treni nikaisahau. Nilidhani nimeisahau.

Oktoba hii mjukuu wangu Naledi, anayefanya kazi ofisini Marshalltown, akachukua likizo akaenda kuzunguka Ulaya kwa treni. Huku jakaranda ndiyo kwanza zinachanua, kule majani yanageuka rangi na kupukutika. Picha zikaanza kuingia kwenye simu: Ujerumani, Cheki, Austria, Hungaria. Nchi nne, na kila picha yeye yuko dirishani. Kioo kikubwa kama cha duka la samani! Nilimjibu "Hongera, mwanangu," na huku moyoni nawaka. Mtu wa umri wangu kumwonea wivu mjukuu wake ni aibu, najua. Nilimwonea hivyo hivyo.

Aliporudi nikamkalisha jikoni. "Haya, kutoka Cheki kwenda Austria umeona nini?"

"Eish, Bibi, pale nililala."

"Na Hungaria?"

"Nilikuwa naangalia sinema kwenye simu."

"Aliyekaa karibu nawe anaitwa nani?"

"Simjui. Kule watu hawaulizani."

"Basi ungenipa mimi hicho kiti!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nchi nzima iko nje ya kioo, mtoto anaangalia simu! Nikamweleza yote, habari ya Tatu na mgongo wake. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Jumamosi akanipeleka Park Station tupande treni ya kasi ya kwenda Pretoria. "Kaa dirishani, Bibi." Nikapakata mkoba, nikabandika uso kwenye kioo. Kumbe treni hiyo inaanzia chini ya ardhi! Ikaondoka, giza. Ikapita Rosebank, giza. Sandton, giza. Naona sura yangu tu na makunyanzi yake.

"Twiga hao, Bibi!" Naledi hana adabu, mbavu zinamuuma kwa kicheko.

Mara mwanga ukaingia. Nyasi, mapaa ya bati, farasi wawili uwanjani, mwanamke anaanika shuka jekundu kwenye kamba. Nikaona yote mwenyewe, hakuna mgongo wa mtu mbele yangu. Sijashiba, wakatangaza Pretoria.

Enzi zile safari ilikuwa ya siku mbili na dirisha halikuwa langu. Siku hizi dirisha nimelipata, safari ndiyo imekuwa fupi. Naledi alishasimama, ananinyooshea mkono. Nikamwambia tusishuke kwanza. Kama inarudi Johannesburg, irudi na sisi.